Smashi zinaishia wavuni na bega linauma: nirekebishe nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Minneapolis, nacheza pickleball, ule mchezo wa vibao na mpira wenye matundu, mwaka wa pili sasa, kiangazi nje, baridi ikija tunaingia ukumbini. Mpira wa juu ndio unaonitia aibu. Karibu nusu ya smashi zangu zinagonga wavu, na zinazovuka zinarudishwa. Wapinzani wameshanijua, wananipigia lobu makusudi, ile mipira ya kupaa juu ya kichwa. Shuleni Tanga nilikuwa mshambuliaji wa voliboli, kwa hiyo kuruka na kupiga si jambo geni kwangu. Mwenzangu ananiambia nipige kwa nguvu zaidi. Nina miaka 46, urefu mita 1.70, natumia mkono wa kulia, na bega hilo limeanza kuuma. Nirekebishe nini? Na je, ninunue kibao kizito zaidi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umenirahisishia kazi ulipotaja voliboli, maana sehemu kubwa ya tatizo lako inatokea huko. Nimefundisha watu kadhaa waliohamia huku kutoka voliboli. Wana jicho zuri na hawauogopi mpira ulio juu ya kichwa, si kama wengine wanaoinamisha shingo utadhani wamerushiwa jiwe. Ila kwenye voliboli mpira wa kushambulia unaletewa na mwenzako, seta, anayejua unapenda uje wapi. Lobu unaletewa na mtu asiyekutakia mema. Anataka ikuangukie nyuma kidogo ya sikio, pale ambapo huwezi kuipiga vizuri wala kuiacha kwa amani. Mazoea ya kusubiri mpira ukufikie ulipo ndiyo yanayokumaliza, na hayo hayatibiwi kwa nguvu. Mwenzako ana nia njema, lakini ushauri wake uweke pembeni kwanza.

Ngoja nikuonyeshe kwa namba. Chukua umesimama mita 4.5 kutoka kwenye wavu, yaani theluthi mbili ya njia kuelekea mstari wenu wa nyuma. Kwa urefu wako, ukinyoosha mkono juu, katikati ya kibao patafika kama mita 2.3 kutoka chini. Wavu una sm 86 katikati na sm 91 pembeni. Tuseme mpira unakwenda kwa mstari ulionyooka. Ili uvuke wavu na bado udondoke kabla ya mstari wa nyuma wa wapinzani, una dirisha la sm 52 hivi la kuupitisha. Chini ya dirisha hilo umegonga wavu, juu yake umetoa nje. Sasa uache mpira ushuke sm 40 tu, uupige ukiwa mita 1.9 kutoka chini, juu kidogo ya utosi wako. Dirisha linabaki sm 28. Mpira ule ule, mkono ule ule, umejinyima karibu nusu ya nafasi. Na kwa lobu ya kawaida inayoanguka, sm 40 hizo zinapita ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde au pungufu. Mpira halisi unapinda kidogo kwenda chini, kwa hiyo uwanjani utapata unafuu kiasi, ila uwiano ni huo huo. Ndiyo maana nakwambia huna tatizo la nguvu. Umechelewa, basi, na aliyechelewa akipiga kwa nguvu zaidi anagonga wavu kwa kishindo zaidi.

Kuchelewa huko hakuanzi mkononi. Kunaanza lobu inapotoka kwenye kibao cha mpinzani, wewe ukiwa umekabili wavu kifua mbele, ukabaki hivyo hivyo huku umeinua macho. Mpira ukifika kilele ndipo unaanza kuhangaika.

Kitu cha kwanza kufanya lobu ikipaa ni kugeuka. Kibao kisubiri. Mguu wa kulia unarudi nyuma hatua moja nzima, nyonga zinafunguka kuelekea upande wa kulia, na bega la kushoto ndilo linalobaki likiutazama wavu. Hatua hiyo iwe imekwisha mpira ukiwa bado unapanda. Ukishageuka una njia mbili mkononi: lobu ikiwa fupi unasogea mbele, ikiwa ndefu unakimbia kwenda nyuma ukiwa tayari ubavu. Asiyegeuka hana hata moja.

Nina hakika Tanga ulitungua maembe. Hakuna mtoto anayefundishwa kutungua embe kwa jiwe, na hakuna anayeukabili mti kifua mbele, miguu sambamba. Anajiweka ubavu mwenyewe. Mkono wa kushoto unatangulia kuelekea embe, uzito unakaa mguu wa nyuma, kiwiko cha kulia kinapanda usawa wa bega. Kisha nyonga inaanza, kiwiliwili kinafuata, bega, kiwiko, na jiwe linatoka mwisho kabisa. Pigo la juu ni hilo hilo. Ukijiona unafikiria sana, acha kufikiria smashi, fikiria embe lililo juu kidogo mbele yako. Wengi niliowapa mfano huo walirekebika siku hiyo hiyo kuliko kwa maelezo yangu yote ya nyonga na mabega, jambo ambalo kwa mwalimu linauma kidogo.

Baada ya kugeuka, miguu. Ukitakiwa kwenda nyuma, kimbia ubavu: mguu wa kushoto unapita mbele ya wa kulia, wa kulia unatoka, kama mtu anayepita kati ya viti ukumbini huku anaangalia jukwaa. Ukikaribia mahali mpira utakapoangukia, hatua ziwe ndogo ndogo, nyingi, hadi mpira uwe mbele ya bega la kulia kiasi cha kiganja kimoja au viwili. Lenga kufika nyuma ya mpira, kwa sababu kutoka nyuma yake unaweza kuufuata mbele. Ukifika ukakuta uko chini yake hasa, tayari umeshapitwa.

Usirudi kinyumenyume. Hili silisemi kwa ajili ya pointi. Mwaka wangu wa kwanza, nikitoka kwenye tenisi na kiburi chake chote, nilirudi kinyumenyume kufuata lobu ambayo wala haikuwa ndefu. Kisigino kikanasa sakafuni, nikaenda chini, nikajikinga kwa mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, nikafungwa hogo wiki sita. Kwenye mchezo huu watu wa umri wetu huumia zaidi kwa kuanguka kuliko kwa kupigwa na mpira, na anguko la kinyumenyume ni baya kwa sababu huoni unakoangukia. Lobu ikikupita kiasi kwamba huwezi kuifikia kwa kukimbia ubavu, iache. Nitarudi kwenye hiyo.

Mkono wa kushoto huwa hauna kazi kwa watu wengi, unaning'inia tu. Wa kwako uinue mapema, unyooke kuelekea mpira, vidole vikiufuata unavyoshuka. Unapima umbali kwa huo, na kwa kuwa umenyooshwa mbele, kiwiliwili hakiwezi kurudi kifua mbele kabla ya wakati. Faida nyingine ni mwanga. Hapa Dar, saa kumi na moja jioni, upande unaotazama magharibi lazima uzibe jua kwa kiganja cha kushoto la sivyo unapiga kwa kubahatisha. Kwako huko ukumbini wakati wa baridi ni taa za darini. Ziba taa kwa mkono huo huo. Na kabla mechi haijaanza, tazama juu ujue taa kali ziko wapi na dari lina urefu gani, maana mpira ukigonga dari au mhimili ni kosa la aliyepiga, na ukumbi wa dari fupi unampunguzia mpiga lobu ujasiri.

Sasa mshiko, ambao nadhani ndio unaopeleka mipira wavuni hata pale ulipowahi. Mchezaji wa voliboli hupiga kwa kiganja kilichotazama mbele, kisha anakunja kifundo cha mkono kwenda chini mpira uzame. Akipewa kibao, anakishika ili uso wake ufanye kazi ya kiganja: uso mzima umetazama mbele, kama mtu aliyeshika kikaango. Mshiko huo ukiuongezea lile kunjo la kifundo, unapata mpira unaokwenda chini mno. Kwenye voliboli kunjo hilo lina maana, kwa sababu wavu wa wanaume una mita 2.43 na mpigaji yuko hewani juu yake, hana budi kuuzamisha mpira. Huku wavu unakufikia kiunoni.

Shika kibao kama nyundo. Kiweke kwa ukingo, kana kwamba unataka kupigilia msumari kwa ukingo wake, halafu funga vidole hapo, kidole cha shahada kikiwa kimesogea juu kidogo kutoka kwenye vidole vingine. Mara ya kwanza utahisi huwezi kupiga kitu, mpira utakwenda kushoto kwako kila mara. Ni sawa. Sababu ni kwamba kwa mshiko huu kibao kinapanda kikiwa kimetanguliza ukingo, na ni kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo, kinachogeuka mwishoni na kuuleta uso kwenye mpira. Umewahi kupepea jiko la mkaa kwa kipepeo, si kwa kukunja kifundo bali kwa kuzungusha kigasha, kiganja kikitazama huku na kule? Mzunguko ndio huo, ila wa upande mmoja, na unafanyika mkono ukiwa juu. Kifundo chenyewe kiwe kimelegea, kifuate tu. Shika kibao kwa nguvu ya kushika yai la kuchemsha. Ukikikaba, kigasha hakigeuki na bega ndilo linalolipa.

Tukija kwenye kuruka. Mchezo huu ulianzia mwaka 1965 kwenye kiwanja cha zamani cha vinyoya (badminton) nyumbani kwa Joel Pritchard, kisiwa cha Bainbridge Island, jimbo la Washington. Ndiyo maana kiwanja chake kina vipimo vile vile vya vinyoya, mita 6.10 kwa 13.41, na ndiyo maana hapa kwetu wengi tunacheza juu ya mistari ya vinyoya. Wavu nao ulianza juu kama wa vinyoya, kisha wakaushusha. Waliposhusha wavu waliondoa sababu ya kuruka. Kwa mita 1.70 zako na miguu yote chini, unaweza kumaliza lobu yoyote iliyo fupi. Kuruka kunakuongezea sm chache za urefu lakini kunakunyang'anya miguu kwenye sakafu, ambako ndiko nguvu inakotoka, na kunakubana kupiga kwa wakati mmoja tu badala ya kuwa na nafasi ya kusahihisha.

Tena kuruka kunakupa adhabu nyingine ambayo sijui kama umeiona. Lile eneo la mita 2.13 kutoka kwenye wavu, ambalo Wamarekani waliliita jiko na sisi tukalichukua hivyo hivyo, huruhusiwi kupiga mpira ambao haujadunda ukiwa ndani yake. Wengi wanajua mpaka hapo. Wasichokizingatia ni kwamba mwendo wa pigo nao unahesabiwa. Umeruka ukiwa nje ya jiko, umepiga smashi safi, mpira umemaliza pointi, kisha umetua na kidole cha mguu juu ya mstari: pointi ni yao, hata kama mpira ulishakufa kitambo. Kofia ikikudondoka jikoni kwa mwendo wa pigo hilo, vile vile. Na ukiwa ulishaingia jikoni kwa sababu yoyote, hairuhusiwi kuruka kutoka humo na kupiga hewani. Miguu yote miwili lazima iguse nje kwanza. Mshambuliaji wa voliboli huruka kwenda mbele kwa mazoea. Mwombe mtu akurekodi kwa simu akiwa pembeni, usawa wa mstari wa jiko, utashangaa ni pointi ngapi wapinzani wako wamekuachia kwa uungwana.

Ulisema smashi zinazovuka zinarudishwa. Kuna sababu mbili, na ya kwanza si kosa lako, ni mpira wenyewe. Kwa kanuni, mpira wa pickleball ukiangushwa kutoka mita 1.98 unatakiwa udunde kati ya sm 76 na 86, chini ya nusu. Una uzito wa gramu 22 hadi 26 na umejaa matundu, kwa hiyo hewa inaukamata na kuupunguza kasi. Smashi ya tenisi ikidunda vizuri inampita mtu juu ya kichwa na kugonga uzio. Hii inadunda kiunoni na kumngoja. Mpinzani aliyesimama nyuma ya mstari wake, mwenye subira, anaweza kukurudishia smashi tatu nne za nguvu mfululizo hadi uchoke uipeleke nje. Mpira wa ukumbini, wenye matundu makubwa machache, ni mlaini na wa polepole zaidi kuliko wa nje wenye matundu 40, kwa hiyo wakati wa baridi tarajia kurudishiwa zaidi.

Sababu ya pili ni unakolenga. Nirudi kwenye hesabu zetu. Mpinzani amesimama nyuma tu ya mstari wa jiko lake, wewe uko mita 4.5 kutoka wavuni. Mpira unaopita juu ya wavu kwa unywele tu, nusura uuguse, unamfikia usawa wa kifundo cha mguu. Hapo ni pabaya kwake, hana cha kufanya zaidi ya kuuchota. Sasa wewe rudi hadi mstari wako wa nyuma, mita 6.7. Mpira ule ule uliopita juu ya wavu kwa unywele unamfikia usawa wa goti, sm 39 hivi kutoka chini, na bado hujajipa nafasi yoyote ya usalama. Jipe nafasi ya sm 20 juu ya wavu, unamfikia juu ya nusu ya paja, na hapo ndipo kibao chake kinapokaa siku zote. Kwa hiyo ukiwa nyuma na ukalazimisha kupiga chini kwenye miguu, ama unagonga wavu ama unamlisha. Karibu na jiko, ruhusa: piga chini, piga pembeni kwa pembe kali, mpira utoke uwanjani kabla hajageuka. Katikati ya uwanja, lenga miguu ya yule aliye karibu zaidi na wavu, au nyonga ya mkono wake wa kupigia, mahali ambapo mtu hajui achomoe kibao kwa upande gani. Ukiwa nyuma kabisa, sahau kumaliza pointi. Piga kwa theluthi mbili ya nguvu, kati yao wawili, mpira uende mbali, kisha utembee mbele na mwenzako mrudi kwenye mstari wa jiko. Smashi ya nyuma kazi yake ni kukurudisha mbele tu.

Kati yao wawili ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote. Wavu uko chini zaidi pale, mpira hauwezi kutoka pembeni, na wapinzani wawili wakiangaliana kila mmoja akidhani ni wa mwenzake, umepata pointi ambayo nguvu zako zisingekupa.

Na ukishapiga, usisimame kutazama. Naliona hili kila wiki: mtu anapiga smashi nzuri, mkono unabaki chini kama anapigwa picha, mpira unarudi unamkuta hivyo. Kibao kirudi kifuani mara moja.

Lobu ambayo haiko upande wako mzuri, ile inayokwenda juu ya bega la kushoto, usiipige kwa mgongo wa kibao kama unaweza kuikwepa. Pigo la juu la mgongo wa kibao ni dhaifu kwa karibu kila mtu asiyelipwa kucheza. Ama geuka mapema uizunguke, ama mwachie mwenzako ambaye kwake huo ni mpira wa mbele. Hapo ndipo sauti inapohitajika. Mwite "yangu" au "yako" mpira ukiwa unapanda, si unaposhuka, na mkubaliane kabla ya mechi kwamba lobu inayompita mmoja inafuatwa na mwingine kwa mshazari, huku aliyepitwa akihamia upande ulioachwa wazi. Mwenzako ana nafasi ya kuuona mpira wote akikimbia mbele yake. Wewe ungelazimika kugeuza shingo. Na lobu ndefu sana iacheni idunde. Haidundi juu, kwa hiyo itabidi muwahi nyuma yake, kisha mpige mpira wa polepole uangukie jikoni kwao, au lobu ya kujibu. Hakuna aibu. Mwenye aibu ni yule aliyelala chali.

Bega sasa. Mtu akipiga mpira ulioko nyuma ya kichwa chake, mgongo umepinda kwenda nyuma na miguu haifanyi kazi, nguvu yote inatoka kwenye bega peke yake, na misuli minne midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kwenye tundu lake ndiyo inayovutwa. Fanya hivyo mara thelathini kwa siku, siku tatu kwa wiki, halafu uongeze nguvu kama unavyoshauriwa, na sishangai ulipofika. Kuwahi na kugeuka vitalipunguzia mzigo kuliko dawa yoyote ya kupaka. Ila kwa sasa pumzika smashi wiki mbili, cheza mipira ya chini tu. Ukiona linauma usiku ukililalia, au mkono unakosa nguvu unapouinua, au maumivu yanabaki baada ya mapumziko hayo, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliguse, mimi siwezi kuliona kutoka hapa. Likiwa linauma kidogo tu, tafuta mpira wa kuvuta, funga upande mmoja kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kikiwa kimegandamizwa ubavuni na kukunjwa kama herufi L, vuta kuelekea nje polepole, mara kumi na tano, mizunguko miwili, siku moja fanya siku moja acha. Na usipige smashi ya kwanza ya siku bila kuchangamsha mwili angalau dakika tano. Huko kwenu kwenye baridi, afadhali kumi.

Ukirudi, anza bila kibao. Mwenzako asimame upande wa pili akupigie lobu, wewe udake kila mpira kwa mkono wa kushoto, juu, mbele ya paji la uso. Basi. Ukilazimika kuudaka nyuma ya kichwa au ukiwa unayumba, hukugeuka kwa wakati. Kumi ukizidaka vizuri, ndipo shika mpira mzee kwa mkono wa kulia, kaa katikati ya uwanja, na uurushe juu ya wavu kama jiwe la embe, ubavu ubavu, mara ishirini. Mpira ni mwepesi na hautakwenda mbali, lakini utasikia nyonga ikianza kabla ya mkono. Halafu kibao, kwa nusu ya nguvu. Weka taulo mbili kwenye uwanja wa pili, moja katikati, moja karibu na kona, na uhesabu: kati ya lobu ishirini, ngapi zimevuka na kuingia. Usiongeze nguvu hadi zifike kumi na sita. Wachezaji wa tenisi wana zoezi la kupiga smashi chini mbele ya ukuta irudi juu, zuri sana kwao. Huku mpira haudundi vya kutosha, usipoteze muda.

Wiki ya kwanza utacheza vibaya zaidi kuliko ulivyokuwa, hasa kwa sababu ya mshiko. Waambie wenzako mapema usije ukashawishika kurudi kwenye kikaango katikati ya mechi ya 9 kwa 9. Wapinzani nao wataendelea kukupigia lobu, na hilo kwako ni zuri, wanakufundisha bure.

Kuhusu kibao kizito: hapana. Vibao vingi viko kati ya gramu 210 na 240, na kwa bega lako kaa upande wa chini. Sheria haiweki kikomo cha uzito, inaweka cha ukubwa tu: urefu usizidi sm 43.2, na urefu ukijumlishwa na upana usizidi sm 61. Kibao kirefu kidogo kitakufikisha juu sm moja na ushei, ila kinakuwa chembamba na eneo lake zuri la kugongea linapungua, kwa hiyo si cha kukimbilia. Hela hiyo nunua viatu. Kama bado unacheza na viatu vya kukimbilia, soli ile nene na laini inakwenda mbele tu. Ukigeuka ubavu kwa kasi inapinda na kifundo cha mguu kinapinda nayo. Tafuta viatu vya uwanjani, vya tenisi au voliboli, soli pana na iliyo chini, na kwa ukumbini iwe ya mpira usioacha alama sakafuni. Vile vyako vya voliboli vya zamani, kama bado vina meno, vinatosha kabisa.